Jinsi ya kupata mkalimani wa lugha ya alama bila kwenda kwa zimamoto

Nimeona hii niiandike yote sehemu moja maana maswali ni yale yale. Mtu wa HR anapiga simu saa kumi na moja jioni, "naomba unitafutie mkalimani wa lugha ya alama kesho saa mbili asubuhi, kuna mfanyakazi wetu kiziwi yuko kwenye semina", ukimuuliza semina ya siku ngapi anasema tatu, na ukumbi umelipiwa tangu mwezi uliopita, chakula kimelipiwa, bango limechapishwa na nembo za wafadhili wote, ila mkalimani ndio anakumbukwa usiku wa kuamkia. Kesho saa mbili hupati bwana. Au utapata yule ambaye yuko huru kila siku, na kuna sababu kwa nini yuko huru kila siku.

Wakalimani wazuri Tanzania ni wachache, wengi wako miji mikubwa, na wengi wana kazi nyingine ya kuwaweka mjini, wengine ni walimu wa shule za viziwi kwa hiyo katikati ya wiki wako darasani. Ndio maana kama una tarehe mkononi anza kutafuta wiki mbili kabla, kama ni kongamano au ni mkoani ambako mtu itabidi asafiri basi mwezi mzima, na usisubiri bajeti ipitishwe ndio uulize, uliza kwanza ndio ujue uandike nini kwenye bajeti. Nitaongelea zaidi huku kwetu Tanzania, Kenya nitagusa palipo na tofauti ya maana.

Anza na kiziwi mwenyewe

Hatua ya kwanza sio kutafuta namba ya mkalimani. Hatua ya kwanza ni kumuuliza yule mteja au mfanyakazi anataka nini, na hapa ndio wengi wanaruka, wanakaa viongozi watatu ofisini wanamuamulia mtu mzima ambaye yuko chumba cha pili na ana WhatsApp.

Muulize anatumia lugha gani. Usione swali hili la kijinga. Lugha ya Alama ya Tanzania, LAT, ni lugha yenyewe na sarufi yake, sio Kiswahili kinachosemwa kwa mikono, na pia sio ile ya Kenya wala ya Marekani. Kuna kampuni ina ofisi Nairobi na Dar na mtu anasema "tutamleta mkalimani wetu wa Nairobi", huyo anatumia KSL, yani lugha ya alama ya Kenya, wataelewana kiasi kwenye mambo ya habari za asubuhi ila ukifika kwenye mkataba wa ajira mmeachana. Na hata ndani ya Tanzania alama zinatofautiana kidogo kutokana na mtu alisoma wapi, aliyesoma shule ya viziwi Tabora, ambayo ilianza 1963 na ndio ya kwanza nchini, anaweza kuwa na alama ambazo aliyesoma Buguruni hapa Dar hazitumii, mkalimani mzoefu anazijua hizo tofauti na anajirekebisha haraka ila ukimuambia mapema anakuja kajiandaa.

Alafu kuna mtu hakwenda shule kabisa, amekua kijijini akitumia alama za nyumbani ambazo zinaeleweka kwa mama yake na ndugu zake basi. Huyu ukimletea mkalimani wa kawaida peke yake atamaliza saa nzima hajaambulia kitu. Hapo unahitaji mkalimani kiziwi, yani mkalimani ambaye mwenyewe ni kiziwi na ana kipaji cha kuelewana na watu wa namna hiyo, anafanya kazi pamoja na mkalimani anayesikia, mmoja anatoa Kiswahili kuingia LAT na mwenzake anaitoa LAT kwenda kwenye alama ambazo yule mtu atazielewa, na kurudi hivo hivo. Inaonekana ni mlolongo lakini kwenye mambo ya polisi, mahakama, mirathi na hospitali ndio njia pekee ya uhakika.

Na kuna aliyepoteza usikivu ukubwani, labda baada ya kuugua, huyu saa ingine hajui alama hata moja, mkalimani hamsaidii chochote, yeye anataka umwandikie au kuwe na mtu anachapa maneno yanatokea kwenye skrini.

Swali lingine muulize kama kuna mkalimani anayemtaka au asiyemtaka. Jamii ya viziwi ni ndogo, wanajuana, mkalimani anaweza kuwa ni shemeji yake, au ni mtu wa kanisa moja naye, na hataki huyo huyo awe ndio anamtafsiria majibu ya vipimo. Kwa mambo ya uzazi mama anaweza kutaka mwanamke. Usimhoji sababu, andika jina pembeni uendelee.

Na lile wazo la "si tutamwandikia tu kwenye karatasi" muulize pia, usiamue wewe. Wako viziwi wanaandika Kiswahili safi kukushinda wewe na mimi, na wako ambao Kiswahili kwao ni lugha ya pili waliyofundishwa darasani na mwalimu ambaye alama zenyewe alikuwa anabahatisha, sasa ukimpa barua yenye "unatakiwa kuwasilisha utetezi wako ndani ya saa 48 kwa mujibu wa kanuni" atasaini kwa heshima tu, sio kwamba kaelewa.

Wapi pa kuwapata

Kwa Tanzania mlango wa kwanza ni CHAVITA, Chama cha Viziwi Tanzania, wana matawi mikoani na hata kama hawana mkalimani siku hiyo watakuambia nani anaaminika eneo lako. Wakalimani wenyewe nao wana chama chao, TASLI. Ukiwa mkoani na hujui pa kuanzia nenda shule ya viziwi iliyo karibu au shule yenye kitengo cha viziwi, ongea na mwalimu mkuu, pia ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri mara nyingi wanawajua. Kenya unaenda KNAD ambacho ni chama cha viziwi, au KSLIA ambacho ni cha wakalimani, na kule useme mkalimani wa lugha ya ishara maana ndivyo wanavyoiita.

Sasa ukipata jina utajuaje kama huyu mtu anajua kazi? Hapa niseme ukweli, wewe unayesikia huwezi kujua kwa kumwangalia. Mikono inaenda kasi, uso unabadilika, unaona kama anatisha kumbe ni mbabaishaji. Kumbukeni ibada ya kumuaga Mandela, tarehe 10 Desemba 2013 pale Johannesburg, yule bwana aliyewekwa kama mkalimani alisimama karibu na Obama na marais wengine dunia nzima inaangalia, anapunga mikono, na viziwi nyumbani kwao wanaangaliana kwa sababu alichokuwa anafanya hakikuwa lugha ya alama ya Afrika Kusini wala ya mahali popote. Maelfu ya watu uwanjani hawakushtuka, viziwi walishtuka dakika ya kwanza. Kwa hiyo mkaguzi wako ni kiziwi. Mkutanishe na huyo mkalimani kabla ya siku yenyewe, hata video call ya dakika tano inatosha, waongee wenyewe, alafu muulize kiziwi faragha kwa meseji, "huyu vipi?" Akikujibu "anajitahidi" ujue jibu ni hapana, amekustahi tu.

Mkalimani mwenyewe nawe muulize maswali ya kawaida, amefanya kazi miaka mingapi, amefanya sehemu gani, kanisani, mahakamani, kwenye tv, hospitali, na anaweza kufanya pande zote mbili, yani kutoka Kiswahili kwenda alama na pia kutoka alama kwenda sauti. Wengi wa kubabaisha wako vizuri upande mmoja tu, kiziwi akianza kuongea yeye wanaanza kukisia au wanafupisha, mtu ameeleza dakika tatu mkalimani anasema "anasema anashukuru".

Watu wa kutowatumia. Mtoto wa kiziwi anayesikia, hata kama ana alama nzuri kuliko mkalimani. Nimeona mtoto wa darasa la sita anaambiwa na daktari amweleze mama yake kuhusu uvimbe kwenye kizazi. Tusifanye hivyo. Mke au mume pia hapana kwenye mambo ya benki, ajira, afya na polisi, sio kwamba ni mtu mbaya, ni kwamba ana maslahi yake. Na yule mlinzi au sekretari aliyejifunza herufi za vidole YouTube, muache asalimiane na mwenzake, ila usimpe kikao.

Mmoja au wawili?

Hili ndilo linaloleta mzozo na watu wa fedha. "Kwa nini wawili wakati kiziwi ni mmoja?" Kwa sababu mkalimani anasikiliza sentensi hii huku anatoa ile iliyopita na huku anaangalia kama kiziwi ameelewa, vyote kwa pamoja, na kichwa kikishachoka makosa yanaanza kabla hata yeye mwenyewe hajagundua. Utaratibu wa kazi hii popote duniani ni kupokezana kila dakika 20 hadi 30, na yule aliyekaa hajapumzika, anamsaidia mwenzake akikosa neno au namba. Kikao cha saa moja mmoja anaweza kumudu. Zaidi ya hapo, weka wawili. Semina ya kutwa nzima na mkalimani mmoja ni kwamba asubuhi kiziwi amepata mafunzo na baada ya chakula cha mchana amepata vipande vipande, na nyie mmelipia siku nzima.

Angalia pia ratiba. Kama kuna kazi za vikundi na una viziwi wawili kwenye makundi tofauti, wote wawili wanahitaji mkalimani muda ule ule, sasa wale wawili wako watagawana na hakuna wa kupokezana, kwa hiyo ama uwaweke kundi moja ama uongeze mtu. Alafu chai na chakula cha mchana, ndio muda ambao watu wanapeana namba na kupiga dili, kiziwi asiachwe pembeni na sambusa yake kwa sababu mkalimani ameenda mapumziko, kubalianeni mapema nani anabaki saa ngapi.

Pesa

Sitaji bei kwa sababu inabadilika na mtu na mji na aina ya kazi, ya mahakamani na ya harusi sio sawa. Ila mambo ya kukubaliana ni haya, na yaandikwe hata kama ni kwenye WhatsApp: bei ya nusu siku na ya siku nzima, nauli iko ndani au nje, muda ukizidi inakuwaje, kazi ya usiku au sikukuu inakuwaje, kama ni safari nani analipa malazi na posho ya kujikimu, na mkiahirisha siku moja kabla mnalipa kiasi gani. Hiyo ya mwisho watu hawaipendi lakini fikiria, mkalimani amekataa kazi nyingine kwa ajili yako alafu bosi wako amepata safari.

Muulize ana TIN, mwambie mapema kama ofisi yenu inakata kodi ya zuio ili asije akashangaa kiasi kimepungua akadhani mmemdhulumu. Na tafadhali huyu ni mtu mmoja sio kampuni, usimwambie malipo yanachukua siku sitini kama mnavyowaambia masapulaya wengine, atakuja mara moja hatarudi, na ataenda kuwaambia wenzake.

Nani analipa? Anayeitisha kikao. Mwajiri, benki, hospitali, mwenye mkutano. Sio kiziwi, na sio "tugawane". Hata ukiangalia vizuri, kiziwi hajui Kiswahili cha kusikia na wewe hujui LAT, mkalimani anawasaidia wote wawili, ila wewe ndio mwenye ofisi. Tanzania tuna Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya 2010, na humo mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na kuendelea anatakiwa asilimia 3 wawe watu wenye ulemavu. Sasa wapo wanaoajiri kiziwi ili namba itimie, akishaingia hawana senti ya ukalimani, mtu anakaa kwenye kiti mwaka mzima hajui kampuni inaelekea wapi, alafu wanasema viziwi hawajitumi.

Kenya wako mbele kidogo kwenye maandishi, Katiba yao ya 2010 kifungu cha 7 inaitaka serikali ikuze lugha ya ishara ya Kenya, kifungu cha 120 kinaiweka kuwa moja ya lugha rasmi za Bunge pamoja na Kiswahili na Kiingereza, na kifungu cha 50 kinampa mshtakiwa asiyeelewa lugha ya mahakama haki ya mkalimani bila kulipa. Kwa hiyo ukiwa na kesi kule usitoe hela yako mfukoni kabla hujaiambia mahakama. Na huku kwetu pia kesi ikiwa mahakamani nenda masijala mapema uwaambie mmoja wa wahusika ni kiziwi, usisubiri siku ya kutajwa ndio wakili asimame kusema, kesi itaahirishwa tu.

Ujumbe wa kumtumia

Usitume "mambo, una nafasi Alhamisi?" Hajui anakubali nini. Tuma kitu kama hiki:

"Habari za leo. Naitwa ___ wa kampuni ya ___. Tunahitaji wakalimani wawili wa LAT Alhamisi tarehe ___, saa 3 asubuhi mpaka saa 9 alasiri, ukumbi uko Mikocheni, lokesheni nitatuma. Ni mafunzo ya usalama kazini, watu 30, viziwi wawili, wote wanatumia LAT na wamesoma mpaka kidato cha nne. Wazungumzaji wataongea Kiswahili ila slaidi ni za Kiingereza. Mchana kuna kazi za vikundi na mazoezi ya vitendo nje. Slaidi utapata Jumatatu. Naomba bei yako ya siku na nauli, na mkalimani mwenza unayependelea kufanya naye kazi."

Hiyo ya mwisho ni muhimu, wakalimani wawili wasioelewana kazi yao inaonekana, waache wachaguane.

Kumuandaa na kuandaa chumba

Tuma slaidi, ajenda, majina ya watakaoongea na vifupisho. Watu wa maofisini tunaongea kwa vifupisho hatujijui, NSSF, WCF, OSHA, PAYE, BRELA, mkalimani asiyejua ni nini itabidi aspeli herufi kwa herufi na wakati huo mzungumzaji ameshaenda sentensi tatu mbele. Kama kuna video itakayoonyeshwa itume kabla, iwe na maandishi chini ikiwezekana. Kama MC wenu ni mtu wa mafumbo na methali na mashairi muambie mkalimani, na muambie MC apunguze spidi.

Mkalimani akae au asimame karibu na anayeongea ili kiziwi awaone wote wawili bila kugeuza shingo huku na huku. Mwanga uwe mbele ya mkalimani, asipewe dirisha mgongoni maana anageuka kivuli. Kiziwi apewe kiti cha mbele ambacho hakuna mtu atapita katikati kila dakika kwenda msalani. Nguo ya mkalimani iwe ya rangi moja iliyotofautiana na ngozi yake, wazoefu wanajua hili wenyewe. Projekta ikiwashwa watu wanazima taa zote, kiziwi hapo ndio basi, acha taa moja upande wa mkalimani. Na kama ni jioni na umeme wetu huu, hakikisha kuna jenereta au hata taa ya kuchaji, wanaosikia wataendelea kuongea gizani wakisubiri, yeye kikao kwake kimeisha.

Kitu kimoja ambacho hata wakufunzi wazuri wanakosea, wanagawa karatasi wanasema "someni ukurasa wa pili" huku wanaendelea kuelezea. Anayesikia anasoma huku masikio yanafanya kazi. Kiziwi ana macho mawili na yote yanahitajika sehemu moja, ama kwenye karatasi ama kwa mkalimani. Mpe dakika mbili za kimya asome, alafu uendelee. Wengine wote nao watakushukuru.

Mkiwa kwenye kikao

Ongea na kiziwi, mwangalie yeye. Sio "mwambie asaini hapa", sema "saini hapa". Mkalimani akisema "mimi sikubaliani na hili" hiyo "mimi" ni ya kiziwi, usimgeukie mkalimani ukamuuliza na wewe unahusikaje, limeshatokea hilo.

Muongee mmoja mmoja. Vikao vyetu watu wanadakiana maneno, watano kwa mpigo, mkalimani ana mikono miwili tu. Mwenyekiti ndio wa kuzuia. Na ukiuliza swali "nani ana maoni?" subiri sekunde kadhaa kabla hujasema "haya tuendelee", swali linamfikia kiziwi likiwa limechelewa kidogo, kila siku anakuta wenzake wameshajibu.

Mkalimani anatafsiri kila kitu, mpaka ile uliyomnong'oneza jirani yako, mpaka simu ikilia. Usimwambie "hii usimtafsirie". Usimuombe maoni, "huyu kijana kazi anaiweza kweli?", yeye sio msimamizi wake. Usimtume chai, usimpe kazi ya kuandika mihtasari kwa vile "amekaa tu". Na usirekodi video yake ukaipandisha Instagram bila kuuliza, kwa sababu mambo anayotafsiri ni ya mtu, na sura ni yake.

Mfanyakazi wa kila siku

Mteja anakuja mara moja anaondoka, mfanyakazi mko naye miaka. Hakuna ofisi nyingi zitakazoajiri mkalimani wa kudumu, na sio lazima. Tenga mambo ambayo lazima kuwe na mkalimani wa kitaalamu: usaili, kusaini mkataba, mafunzo ya kuanza kazi, mafunzo ya usalama, tathmini ya mwaka, kikao kikubwa cha wafanyakazi wote, na chochote chenye harufu ya nidhamu.

Hilo la nidhamu nisisitize. Kanuni za ajira za Tanzania, zile za mwenendo bora, Tangazo la Serikali (GN) namba 42 la 2007, zinasema mwajiri amjulishe mfanyakazi tuhuma kwa namna na lugha ambayo anaweza kuielewa. Sasa umemfukuza kiziwi kwa barua ya Kiingereza na kikao cha dakika kumi ambacho mtafsiri alikuwa ni mfanyakazi mwenzake anayejua alama za kuomba chumvi, ukifika CMA, yani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, utajieleza vizuri? Mkalimani wa siku moja ni bei ndogo sana ukilinganisha na fidia. Na mkalimani wa kikao cha nidhamu asiwe mfanyakazi wa hapo hapo, hata kama ana cheti.

Kwa siku za kawaida mambo mengi yanaenda bila mkalimani kabisa, meseji, ubao wa matangazo, kazi zinazoandikwa, na wenzake kujifunza alama. Lipia masomo ya LAT ya wiki chache na mwalimu awe kiziwi mwenyewe, watu wanajifunza haraka kwake kuliko kwa mtu anayesikia. Neema Crafts, karakana ya kazi za mikono pale Iringa, walianza 2003 na vijana viziwi, sasa hivi mgahawa wao wahudumu ni viziwi na mteja ambaye hajui alama anaandika oda yake kwenye karatasi, chakula kinakuja. Ukitaka kumuita kiziwi mguse bega, au punga mkono, au zima na washa taa, usimrushie kalamu. King'ora cha moto kiwe na taa inayomulika, la sivyo mteue mtu maalum wa kumwambia.

Kwa video

Kama uko Mpanda na mkalimani yuko Dar, video call inafanya kazi kwa mambo mafupi, mteja kaja kaunta, swali la dakika kumi na tano. Simu isimame mahali isishikwe mkononi, skrini kubwa ni bora, bando liwepo la kutosha, na ujaribu mtandao kabla sio mteja ameshakaa. Kwenye Zoom tumia "pin" kumbakiza mkalimani kwenye skrini ili asipotee kila mtu mwingine akikohoa. Ila mgonjwa aliyelala kitandani, kesi, kikao cha nidhamu, au mtu ambaye alama zake ni za nyumbani, hapo tafuta mkalimani aje mwenyewe.

Benki na wakala wa simu za pesa waangalie kitu kingine, mkalimani asiguse PIN ya mteja, asiandikwe kama shahidi wala mdhamini, yeye jina lake linaandikwa kama mkalimani basi. Kwa hospitali na ofisi za sheria msainishe karatasi fupi ya kutunza siri. Wazoefu wanaitarajia.

Baada ya kazi

Usimuulize kiziwi "umeelewa?" mbele ya watu wote, atatikisa kichwa kama sisi wote tunavyotikisa. Mtumie meseji jioni, muulize alipenda nini, mkalimani alikuwa sawa, angependa aitwe tena. Kama ilikuwa ni maelekezo ya dawa au ya mashine, muombe akueleze yeye atafanyaje hatua kwa hatua, na mkalimani awe bado yupo. Majina ya waliofanya vizuri yatunze kwenye faili la ofisi, sio kwenye simu ya mtu mmoja wa HR ambaye akihama kazi nyie mnaanza upya.

Na ukiona tukio lako linaangukia mwisho wa Septemba, liwekee oda mapema zaidi ya kawaida. Tarehe 23 ni Siku ya Kimataifa ya Lugha za Alama na wiki hiyo ni ya viziwi, wakalimani wanaitwa kila kona kwenye maadhimisho, maandamano, redio, tv. Na viziwi wako wenyewe huenda wameshaomba ruhusa.